Kuba za Brighton

Aendaye Brighton, kusini mwa Uingereza, asitaraji mchanga kama wa Shela. Ufuo wote ni kokoto, na wenyeji wamejinyoosha juu yake kuota kijua ambacho sisi Mombasa twakiona wakati wa chai ya asubuhi. Bahari yenyewe ni baridi, wallahi! Nilitia nyayo nikatosheka.

Hatua chache kutoka pwani pana jumba la Mfalme George wa Nne, lililokamilika mwaka 1823. Kwa kuba zake na vijinara vyake, mgeni hudhani ni msikiti. Kumbe lilijengwa kwa anasa tu. Lakini kuanzia Disemba 1914 hadi mapema 1916 liligeuzwa hospitali ya askari wa Bara Hindi waliojeruhiwa vitani Ufaransa. Waislamu walipikiwa jiko mbali, wakawekewa mfereji wao wa maji, na nje wakatengewa uwanja wa kuswali kuelekea kibla. Wema ulioje, ingawa ulingojea damu imwagike kwanza. Baadhi ya waliofariki walipelekwa Woking, wakazikwa karibu na msikiti uliojengwa 1889.

Niliwasomea Fatiha pale nyasini, watoto wakipita na aiskrimu zao.