Mshono wa Kigwe na Mshono wa Kujaza

Katika kutafsiri vitabu vya ushonaji, dhana mbili huelekea kufunikwa na neno moja, "darizi". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hizo ni tofauti, na kwamba kuzichanganya humpoteza mwanafunzi aliyekwisha kushika sindano.

Mfarishi wa kawaida una matabaka matatu: nguo ya juu, pamba katikati, na nguo ya chini. Katika kazi tunazozieleza hapa, nguo ni mbili, na kijazo huingizwa baada ya kushona, kwa upande wa nyuma, penye mchoro tu.

Kwa njia ya kwanza, mshonaji hushona mistari miwili sambamba ili kupata mfereji mwembamba, kisha hupitisha kigwe ndani yake kwa sindano butu. Penye kona, sindano hutolewa nje na kurudishwa katika tundu lilelile, na kigwe huachwa kilegee kidogo ili nguo isijikunje. Kwa njia ya pili, umbo zima, kama vile jani au tunda, huzungushiwa mshono. Nguo ya nyuma hupasuliwa kidogo, pamba huingizwa, kisha tundu hufungwa.

Kazi hizi ni za kale. Mifarishi ya Tristan, iliyoshonwa Sicily baina ya mwaka 1360 na 1400 hivi, ina maumbo yaliyojazwa pamba. Mjini Marseille, Ufaransa, kazi ya kigwe katika nguo nyeupe ilistawi katika karne ya 17 na ya 18.

Je, tukope neno la Kiitalia "trapunto"? Hatuoni faida. Wengine hulitumia kwa kujaza tu, wengine kwa njia zote mbili. Nalo jina "mshono wa Kiitalia", litumiwalo na Waingereza kwa njia ya kigwe, hutaja nchi bila kueleza kazi.

Tunapendekeza "mshono wa kigwe" na "mshono wa kujaza". Tumeepuka "kushindilia", kwa kuwa neno hilo huleta fikra za gunia. Pamba ikizidi, nguo hukakamaa na umbo huharibika. "Darizi" na libaki kwa nakshi za uzi juu ya nguo. Walimu na mafundi wenye maneno yafaayo zaidi wanaombwa kuyatoa, kwani istilahi njema hutokana na kazi yenyewe.