Wapiga kura wa R.K. Nagar hawakununuliwa

Usiku wa Aprili 9, 2017, zikiwa zimesalia siku chache tu kura zipigwe, Tume ya Uchaguzi ya India ilifuta uchaguzi mdogo wa eneobunge la R.K. Nagar, jijini Chennai. Siku mbili awali, maafisa wa kodi ya mapato walikuwa wamepekua makazi ya C. Vijayabaskar, waziri wa afya wa jimbo la Tamil Nadu, na ikaripotiwa kwamba walipata karatasi zilizoonyesha mpango wa kugawa rupia milioni 890 kwa wapiga kura. Waziri alikana. Tume ikasema uchaguzi wa haki hauwezekani.

Tangu hapo, R.K. Nagar ikitajwa, wengi hufikiria noti. Nadhani hiyo ni dhuluma kwa wakazi wake. Ukifuatilia walivyopiga kura kwa zaidi ya miaka 40, unakutana na watu wenye msimamo na akili zao.

Eneo lenyewe limebeba jina la Dkt. Sarvepalli Radhakrishnan, aliyekuwa Rais wa India kuanzia 1962 hadi 1967, na ni moja kati ya maeneobunge 234 ya Bunge la Tamil Nadu. Liko kaskazini mwa Chennai, upande wa wavuvi, wafanyakazi wa viwandani na vibarua, kwenye mitaa kama Tondiarpet na Korukkupet. Jaa kubwa la taka la Kodungaiyur haliko mbali. Kila msimu wa kampeni malalamiko ni yale yale: maji machafu, mitaro iliyoziba, foleni kwenye vivuko vya reli.

Mwaka 1977 lilimchagua mchekeshaji wa filamu, Isari Velan wa chama cha AIADMK, ambacho kiongozi wake, M.G. Ramachandran, naye alikuwa nyota wa sinema. Baadaye kiti kikawa cha kupokezana: S.P. Sarkunam wa chama pinzani cha DMK alishinda 1989, E. Madhusudhanan wa AIADMK akamfuata 1991, Sarkunam akarudi 1996. P.K. Sekar Babu alilishindia AIADMK kiti hicho 2001 na 2006, na mara hiyo ya pili DMK ndiyo iliyotwaa serikali ya jimbo. Alipohamia DMK na kuomba kura tena 2011, wakazi walimwangusha, wakamchagua P. Vetrivel wa AIADMK. Mtu wao alikuwa amehama chama, wao hawakuhama naye.

Uzito halisi ulikuja 2015. J. Jayalalithaa, kiongozi wa AIADMK ambaye wafuasi wake walimwita Amma, yaani mama, alikuwa amepoteza ubunge na uwaziri kiongozi Septemba 2014 baada ya kupatikana na hatia katika kesi ya mali isiyolingana na kipato. Mahakama Kuu ya Karnataka ilipomwachilia Mei 2015, alirudi madarakani, lakini katiba ilimtaka achaguliwe bungeni ndani ya miezi sita. Vetrivel akajiuzulu kumpisha. DMK haikusimamisha mgombea, na Jayalalithaa akashinda kwa tofauti ya zaidi ya kura 150,000. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu wa jimbo, DMK iliposhindana naye, tofauti ilishuka hadi 39,545.

Jayalalithaa alifariki Desemba 5, 2016, na chama chake kikapasuka. Upande mmoja ulikuwa wa V.K. Sasikala, mwandani wake wa miaka mingi, ambaye Februari 2017 Mahakama ya Juu ilimpeleka gerezani. Upande wa pili uliongozwa na O. Panneerselvam. Kila upande ulidai alama ya majani mawili, ambayo kwa mfuasi wa AIADMK ndiyo chama chenyewe. Tume ikaizuia kwa wote. Katika uchaguzi mdogo wa Aprili wa kujaza kiti cha Jayalalithaa, T.T.V. Dhinakaran, mpwa wa Sasikala, akapewa alama ya kofia, akiungwa mkono na serikali ya jimbo. Madhusudhanan, yule mshindi wa 1991, aligombea kwa upande wa Panneerselvam, dhidi ya serikali hiyo.

Kufikia Desemba, uchaguzi uliofutwa ulipoitishwa upya, mambo yalikuwa yamegeuka. Dhinakaran alikuwa amekamatwa kwa tuhuma za kutaka kuwahonga maafisa wa tume ili apate majani mawili, kisha akaachiliwa kwa dhamana. Serikali na Panneerselvam walikuwa wamepatana, wakamtenga yeye na Sasikala, wakarudishiwa alama yao. Sasa Madhusudhanan alikuwa mgombea wa serikali, na Dhinakaran mgombea wa kujitegemea, akipewa alama ya presha kuka. Wagombea walikuwa 59.

Kura zilipigwa Desemba 21. Dhinakaran alipata 89,013, Madhusudhanan 48,306. Tofauti ya 40,707 ilizidi ile ya Jayalalithaa mwenyewe mwaka 2016. Mgombea wa DMK, chama kikuu cha upinzani, alipata 24,651, hata dhamana yake ya ugombea ikapotea. BJP, iliyokuwa ikitawala India nzima, ilizidiwa na kitufe cha kuwakataa wagombea wote.

Wapo waliosema ni pesa tena. Tuhuma zilikuwepo, kila upande ukimnyooshea mwenzake kidole, na Dhinakaran alihusishwa na madai kwamba noti za rupia 20 ziligawiwa kama hawala ya malipo baadaye. Sina nia ya kumtetea. Lakini kama takrima ingetosha, chama chenye serikali, hazina na majani mawili kisingeachwa nyuma kwa zaidi ya kura 40,000. Na kura za DMK zilizoyeyuka zinaonyesha kwamba wapinzani wa serikali nao walimpa Dhinakaran kura zao, kwa sababu ndiye aliyeonekana kuweza kuiadhibu. Maskini anayepokea noti mlangoni bado huingia peke yake kituoni. Wanaomwita mtu huyo bidhaa hawamwulizi kwa nini wakazi hawa walikaa zaidi ya mwaka mzima bila mbunge, ilhali mpango wa rupia milioni 890 uliodaiwa haukuwa wao.

Ushindi ule haukuwa mkataba wa maisha. Machi 2018 Dhinakaran alianzisha chama chake, AMMK, na katika uchaguzi wa 2021 akaondoka kwenda kugombea Kovilpatti, kusini mwa jimbo, akashindwa. R.K. Nagar haikubaki na presha kuka wala haikurudi kwenye majani mawili. Ilimchagua J.J. Ebenezer wa DMK, chama ambacho hakikuwa kimeshinda kiti hicho katika uchaguzi wowote tangu 1996.