Hofu ya Msafiri na Umbali wa Ramani

Mnamo mwaka 2014, ugonjwa wa Ebola ulipoenea katika nchi za Guinea, Liberia na Sierra Leone, watalii wengi wa Ulaya na Marekani walifuta safari zao za Serengeti na Kilimanjaro. Tanzania haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Kutoka Freetown hadi Arusha ni takriban kilomita 5,700. Hadi Madrid hazizidi 3,800. Tena ni Madrid, wala si Arusha, ambako muuguzi aliambukizwa mwaka ule.

Mwanasaikolojia wa Kimarekani, Paul Slovic, alieleza mwaka 1987 kwamba watu wa kawaida hawapimi hatari kwa hesabu ya vifo peke yake. Huangalia pia jinsi inavyotisha na jinsi ilivyo ngeni kwao. Ebola ilitisha, na ilikuwa ngeni. Malaria, ambayo kila mwaka huua watu wengi zaidi kuliko Ebola yote ile, haimzuii mtalii: ameizoea kwa jina, ana vidonge mfukoni, na hujiona kuwa hatari hiyo imo mikononi mwake.

Hapo jina “Afrika” lilitosha kuziunganisha Freetown na Arusha. Mwenye wasiwasi hafungui atlasi! Wala haukuwa ujinga mtupu, maana nchi za kutembelea ni nyingi, na kubadili njia hakukumgharimu sana. Gharama iliwaangukia wapagazi na wapishi wa mlimani, ambao hulipwa pale tu mgeni anapopanda.