Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali

Ndugu wafanyakazi, safari hii tunazungumza juu ya mali ya mwenzetu aliyefariki, na juu ya mtu ambaye mahakama humkabidhi mali hiyo aitunze. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Kasese na Bwera. Wengi kati yetu ni watoto na wajukuu wa wale waliokuja kuchimba shaba Kilembe baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956. Wengine tuko kwenye saruji huko Hima, wengine kwenye kahawa na pamba. Mfanyakazi akifa bila wasia huacha nyumba, shamba, mshahara ambao hajalipwa, na akiba yake ya NSSF, ambayo yeye alichangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10. Akiwa ameuawa na kazi yenyewe, Sheria ya Fidia ya mwaka 2000 yawapa waliomtegemea kwa kila kitu fedha sawa na mapato yake ya miezi 60. Hizo ni fedha nyingi, na fedha nyingi huleta wajomba wengi.

Ugomvi huanza na karatasi. Ndugu wa marehemu hupata barua ya mwenyekiti wa LC I, kisha cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Kabidhi Wasii Mkuu, kisha huenda mahakamani. Maombi yake hutangazwa, na katika siku 14 mwenye haki aweza kuyapinga. Lakini ni mjane gani wa mlimani juu ya Bwera anayesoma matangazo ya gazeti? Siku moja shemeji anarudi na barua za usimamizi zenye mhuri, anaita watu, anasema mahakama imempa shamba.

Mahakama haikumpa shamba. Imempa kazi. Msimamizi hukusanya mali, hulipa gharama za mazishi na madeni, kisha huwagawia wenye haki kinachobaki. Ndani ya miezi 6 tangu kupewa barua hizo yampasa kupeleka mahakamani orodha ya mali yote na madeni yote, na ndani ya mwaka mmoja apeleke hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kwa nani. Akikataa makusudi bila sababu ya haki, hilo peke yake latosha mahakama kumnyang'anya usimamizi. Akipoteza mali kwa uzembe au akiitumia vibaya, hulipa kutoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo swali la kumwuliza msimamizi si "wewe ni nani katika ukoo?" Mwulize: orodha iko wapi? Na usiridhike na jibu la mdomo, nenda kwa karani wa mahakama ukaitazame. Wenzetu wa Kilembe waliokumbwa na mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020, wanajua jinsi karatasi za nyumbani zinavyokwenda na maji. Ile iliyowekwa mahakamani ina nafasi zaidi ya kupona.

Sheria ya Mirathi ilirekebishwa mwaka 2022, na sisi twaona marekebisho hayo yamemsaidia mjane kuliko mtu mwingine yeyote. Zamani fungu lake lilikuwa asilimia 15. Sasa mke au mume aliyebaki hupata asilimia 20, watoto asilimia 75, wategemezi wengine asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Ndiyo, asilimia moja, hata akija na mkuki wa babu. Nyumba waliyokuwa wakiishi haiuzwi ili kugawanywa. Mjane na watoto hukaa humo. Msimamizi hawezi kuuza mali bila idhini ya maandishi ya mjane na watoto. Tena barua za usimamizi sasa huisha nguvu baada ya miaka 2, isipokuwa mahakama imeongeza muda. Anayetembea na barua ya miaka mingi iliyopita mfukoni aulizwe kama iliongezwa.

Watoto wakiwa wadogo, fungu lao laweza kukaa mikononi mwa mdhamini, na mahakama ina uwezo wa kumweka mdhamini mpya pale wa kwanza anapokufa au kushindwa kazi. Naye afungwa vivyo hivyo: asichanganye fedha za watoto na zake, asijinunulie mali hiyo, awe tayari kuonyesha hesabu.

Kwa walio mpakani kuna jambo moja zaidi. Watu wengi wa Bwera wana ndugu Kasindi, ng'ambo ya mto, na marehemu aweza kuwa ameacha kahawa upande huu na nyumba upande ule. Ardhi iliyo Uganda hurithiwa kwa sheria ya Uganda, hata kama marehemu alikuwa mkazi wa Kongo. Nyumba ya Kasindi yafuata sheria ya Kongo, na mhuri wa hakimu wa Kasese haufungui mlango wake. Huko familia itaanza maombi upya mbele ya mahakama ya huko.