GTA: CJ ni mwenzetu, lakini mwalimu ni Niko

Nenda kijiwe chochote hapa Nyamagana, iwe Mabatini, Igogo ama Butimba, halafu tamka neno moja tu: GTA. Utajuta! Kahawa itapoa, drafti litasimama, na washikaji waliokuwa kimya tangu asubuhi wataanza kurushiana maneno kama mashabiki wa Simba na Yanga. Huyu atasema San Andreas ndiyo baba lao. Yule atasema wewe mshamba, ya tano ndiyo mwisho wa matatizo. Na ubishi umezidi tangu wenye gemu yao, kampuni ya Rockstar, walipotangaza kuwa ya sita itatoka Novemba 19, 2026.

Sasa msomaji wangu, mimi nimeona bora ubishi huu tuulete gazetini. Zile tano kubwa nimezicheza zote, nyingine bandani kwa sarafu za mia mbili mbili, nyingine kwenye kompyuta za kuazima. Sitazipima kwa uzuri wa picha, maana kwa picha mpya lazima imshinde mzee, hilo halihitaji mwandishi. Nitazipima kwa mambo matatu: mtu wake ni nani, daraja lake linafunguka vipi, na pesa yake inanunua nini. Twende kazi.

BUBU WA LIBERTY CITY

Kwa wasiojua, hasa wazazi wanaosoma huku wamekunja uso, GTA ni kifupi cha Grand Theft Auto, jina la kosa la kuiba gari huko Marekani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1997, na walioitengeneza hawakuwa Wamarekani hata kidogo. Walikuwa vijana wa mji wa Dundee, kule Scotland. Enzi hizo ulikuwa unautazama mji kutoka juu kama mwewe, na magari yanaonekana kama viberiti.

Kasheshe lenyewe lilianza na ya tatu, Oktoba 2001, kwenye PlayStation 2. Hapo mchezaji akashushwa barabarani, akawa anatembea nyuma ya mtu wake kabisa. Mtu huyo ni Claude. Mpenzi wake anampiga risasi wakitoka kuiba benki, anafungwa, halafu anatoroka msafara wa polisi uliposhambuliwa darajani. Na tangu mwanzo hadi mwisho hasemi neno hata moja. Anatumwa, anaua, anarudi kuchukua malipo, kimya. Humpendi wala humchukii, unamwendesha tu.

Lakini kulikuwa na jambo moja la akili. Daraja limeharibiwa, kwa hiyo unafungiwa upande mmoja wa mji mpaka litengenezwe. Sisi wa Mwanza jambo hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Kabla Daraja la JP Magufuli la Kigongo hadi Busisi halijafunguliwa Juni 2025, anayekwenda Sengerema alikuwa anaiona ng'ambo kwa macho yake, lakini anakaa foleni ya kivuko akila mahindi ya kuchoma. Hamu ya ng'ambo ndiyo iliyokuwa inakufanya uendelee kucheza. Pesa ya Claude, hata hivyo, ilikuwa ya silaha na kupaka gari rangi. Basi.

BOSI ASIYEJUA KUOGELEA

Mwaka uliofuata, 2002, ikaja Vice City. Mji ni kama Miami, mwaka ni 1986, mashati ya maua, redio za magari zinapiga nyimbo ambazo baba zetu walizichezea disko. Mtu wake ni Tommy Vercetti, katoka jela baada ya miaka 15, na anaongea! Sauti yake ni ya mwigizaji Ray Liotta, aliyefariki mwaka 2022. Tommy anapewa mzigo na pesa za wakubwa wake, anavamiwa, vyote vinapotea, na deni linabaki kichwani kwake.

Hapa pesa ikapata kazi. Unanunua kampuni ya teksi, kiwanda cha aiskrimu, mtambo wa kuchapa, na kila kimoja kinakuletea mapato. Ni gemu ya mfanyabiashara. Madaraja nayo yamefungwa mwanzoni kwa tahadhari ya kimbunga.

Tatizo moja: Tommy akitumbukia majini, anakufa. Mji mzima uko ufukweni, bosi ana jumba na boti, lakini kuogelea hajui! Watoto wa Igogo, ambao wanajua kupiga mbizi kabla ya kujua kusoma, walikuwa wanacheka mpaka mwenye banda anawafukuza.

MSIBA ULIOTUKUSANYA

Halafu Oktoba 2004 ikashuka San Andreas, na hapo ndipo mitaa yetu iliposilimu. Hii ndiyo gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye PlayStation 2 duniani, na hiyo ni bila kuhesabu zile sidii za kunakili tulizochezea sisi.

Kwa nini ilitushika? Wengi watasema jetipaki, baiskeli, ndege na magenge. Mimi nasema ni msiba. Carl Johnson, CJ, yuko mji wa mbali miaka mitano, anapigiwa simu na kaka yake kwamba mama ameuawa. Anapanda ndege kurudi kuzika. Kabla hajafika nyumbani, polisi wala rushwa wanamnyang'anya pesa zake na kumtisha kwamba watambambikia kesi ya mauaji. Akifika makaburini, ndugu wanamlaumu kwa kuwatelekeza. Niambie, msomaji, hapo kuna kitu kigeni? Nani kati yetu hajaona mtu anashuka basi la usiku kutoka Dar, macho mekundu, na kabla hajaweka begi chini shangazi ameshaanza kumsema?

Halafu CJ ni mwenzetu kwa mwili. Asipokula anakonda, akizidisha kuku wa kukaanga anaota kitambi, akienda jimu anajaza kifua. Na anaogelea! Miji iko mitatu, madaraja yamefungwa kwa sababu ya tetemeko la ardhi, na ukijitia kiherehere kuvuka kabla ya wakati unapewa nyota nne za polisi palepale.

Sasa pesa. Kwenye kompyuta ulikuwa unaandika herufi saba, HESOYAM, unapata dola 250,000 na afya mpya juu. Kwenye PlayStation zilikuwa R1, R2, L1 na mlolongo wake, zimeandikwa kwenye karatasi iliyochakaa kuliko noti ya mia tano ya zamani. Kuna waliofeli jedwali la kuzidisha lakini mlolongo ule wameushika mpaka leo.

Lakini nikuchane ukweli. San Andreas tunayoipenda bandani ni nusu ya San Andreas. Memori kadi ilikuwa moja, ya mwenye banda. Ukisevu leo, kesho mwingine amesevu juu yako. Ulikuwa unalipia dakika, na hakuna aliyetaka dakika zake ziishie kwenye maongezi. Kwa hiyo tuliruka hadithi, tukaingiza kodi, tukaiba gari, tukapigana na polisi mpaka muda ukaisha. Ukiuliza kijiweni CJ alimalizaje na marafiki waliomsaliti, Big Smoke na Ryder, utaona watu wanatazamana. Msiba tuliuhudhuria, lakini matanga hatukukaa.

TULIRUKA DARASA LA NNE

Aprili 2008 ikatoka ya nne. Ikatoka kwa PlayStation 3 na Xbox 360, na Desemba mwaka huo ikaja ya kompyuta. Ya PlayStation 2 haikuwepo kabisa. Mabanda yetu yalikuwa ya PlayStation 2, na kompyuta zilizokuwa zinaweza kuibeba zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Nilikuja kuicheza miaka mingi baadaye, kwenye laptopu ya mwanachuo mmoja wa kule Malimbe. Wengi wetu tuliruka kutoka ya tatu bora tuliyoijua hadi ya tano. Yaani tuliruka darasa la nne, na mtihani wake ulikuwa unatuhusu sisi.

Mtu wake ni Niko Bellic, kijana aliyepigana vita huko Ulaya ya Mashariki. Anashuka melini Liberty City kama mabaharia wetu waliokuwa wakizamia meli kwenda mamtoni. Amefuata nini? Amefuata maneno ya Roman, mtoto wa ndugu yao, aliyekuwa akimwandikia kwamba ana jumba, magari ya kifahari na warembo. Anafika, anakuta chumba kimoja chenye mende, ofisi ndogo ya teksi, na Roman mwenyewe anadaiwa kila kona kwa ajili ya kamari. Jumba halipo. Halijawahi kuwepo.

Mimi nilipofika hapo niliweka pedi chini. Nina mshikaji wangu tuliyekua naye mtaa mmoja, yuko Sauzi. Ili aende, mama yake aliuza kiwanja. Kila Krismasi jamaa anatuma picha ameegemea gari jeupe linalong'aa, na mama anawaonyesha majirani. Siku moja usiku alinipigia simu, akanieleza kwamba gari ni la bosi, yeye kazi yake ni kulilinda mpaka asubuhi. Akaniomba nisimwambie bi mkubwa. Sijamwambia. Nikikutana naye sokoni ananiuliza, "Mwanangu, mwenzio si anafanya vizuri lakini?" Namwamkia mara ya pili, naondoka.

Gemu nyingine zinakupa ndoto ya kutajirika. Hii inakuonyesha mtu aliyeiamini ndoto, na mtu aliyeisimulia kwa sababu aibu ilimzidi. Na Roman si mbaya, hapo ndipo pabaya. Anakupigia simu kila saa anataka mkacheze bolingi, kwa sababu yuko mpweke.

Pima sasa. Daraja: yamefungwa kwa hofu ya ugaidi, ukivuka kabla ya ruhusa unapewa nyota sita, zote zilizopo. Mgeni ajue mipaka yake. Pesa: utazipata nyingi, lakini hakuna nyumba wala biashara ya kununua. Nguo, silaha, chakula, basi. Washabiki waliilalamikia sana hiyo, pamoja na kukosa ndege za kuendesha na jimu. Mimi nasema ndiyo maana yenyewe. Mwishoni Niko anachagua: apatane na adui kwa pesa, ama alipe kisasi. Akichukua pesa, Roman anauawa siku ya harusi yake. Akilipa kisasi, anauawa Kate, mwanamke anayempenda. Njia ya kutoka mzima haipo, na hakuna kodi ya kuiondoa hiyo.

TAJIRI ASIYE NA HAMU

Septemba 17, 2013 ikaja ya tano, ikaingiza dola bilioni moja kwa siku tatu, na mpaka leo imeuzwa zaidi ya nakala milioni 200. Watu wake ni watatu: Michael, jambazi mstaafu mwenye bwawa la kuogelea na familia isiyomtaka, Franklin, kijana wa uswahilini anayetafuta njia ya kupanda, na Trevor, ambaye ukimwona Igoma stendi utahama upande wa barabara. Unahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa kubonyeza tu. Kwa ufundi, hakuna inayoigusa.

Lakini daraja la kusubiri halipo. Ukishamaliza utangulizi, mji na milima yote iko wazi. Ni raha, sikatai, ila ile hamu ya ng'ambo imekufa. Na pesa? Kodi ya pesa wameiondoa kabisa. HESOYAM imezikwa. Badala yake, kwenye ule upande wa kucheza na watu kupitia intaneti, ulioanza Oktoba 2013, wanakuuzia pesa za kwenye gemu kwa pesa zako halisi. Zamani tulikuwa tunamwibia mwenye gemu, sasa mwenye gemu ndiye anatuibia sisi!

HUKUMU

Kwa mapenzi, CJ. Kwa ukubwa, ya tano. Lakini ukiniuliza ipi bora, nasimama hapa na mguu wangu nimeukanyaga: ni ya nne. Ndiyo pekee ambayo ukizima televisheni unaendelea kuiwaza kesho yake ukiwa kwenye daladala.

Na wazazi, sikusahau ile sura iliyokunjwa. Gemu hizi si za watoto, na kwenye maboksi yake Ulaya pameandikwa 18. Mwaka 2005 huko Marekani San Andreas iliwekwa kwa muda kundi la watu wazima tu, baada ya vipande vya ngono vilivyofichwa ndani kugunduliwa. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu aondoke bandani akacheze mpira. Lakini kijana wako wa miaka ishirini anayeuza line na kuota majuu, huyo mwache akae na Niko jioni mbili tatu.

Nawe mshikaji, ukiikuta kwenye kompyuta ya mtu, usikimbilie bunduki. Cheza taratibu, sikiliza wanachosema, na Roman akipiga simu, pokea.