Je, Wajua? Trekta Chini ya Boneti

Je, wajua kwamba pikapu ya dizeli ya Dodge Ram iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1989 ilikuwa na nguvu za farasi 160 tu? Leo zipo saluni nyingi za kwendea kazini zinazoizidi. Lakini ifungie saluni hiyo trela la tani 4 lililojaa ng'ombe, uone kama itatoka getini.

Siri ni injini. Injini hiyo ya Cummins, lita 5.9, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ilibuniwa pamoja na kampuni ya Case, watengenezaji wa matrekta. Ni injini ya shamba iliyohamia barabarani.

Nguvu za farasi hueleza kazi inafanyika kwa kasi gani. Kuung'oa mzigo uliosimama kunataka nguvu ya kuzungusha, ile unayoitumia ukikaza nati kwa spana: mpini ukirefuka, nati inatii. Ndani ya Cummins, silinda ina kipenyo cha milimita 102, lakini pistoni husafiri milimita 120, kwa hiyo "mpini" wake ni mrefu. Ongeza tabochaja inayoshindilia hewa, unapata nyutoni-mita 542 kabla injini haijafika mizunguko 2,000 kwa dakika. Haipigi kelele za kukimbia, inakokota.

Plugi za kuwasha moto haina. Hewa hubanwa mpaka ibaki kama sehemu moja ya 17 ya ujazo wake, ikapata joto la kuiwasha dizeli yenyewe. Hadi mwanzoni mwa 1998, pampu ya kugawa dizeli ilidhibitiwa kimakanika, bila kompyuta. Ndiyo maana pikapu nyingi za enzi hiyo bado zinavuta matrela ya farasi na majani makavu: fundi mwenye spana na subira anaweza kuzifufua.

Hata hivyo, mpanda ngazi hushuka. Barabara kuu ya I-70 huko Colorado hupanda hadi handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mahali pengine hushuka mita 7 kwa kila mita 100. Hapo ndipo pikapu hizi huumbuka. Ukiachia mafuta kwenye gari la petroli, kilango cha hewa hujifunga na injini hulizuia gari. Dizeli hizi hazina kilango hicho; ukiachia mafuta, injini hulizuia gari kidogo tu, na karibu mzigo wote huangukia breki. Breki zikipata moto kupita kiasi, pedali hukanyagika bila kushika.

Dawa zake zinajulikana. Trela zito liwe na breki zake lenyewe. Pikapu ifungwe breki ya ekzosi, yaani kizibo kinachobana moshi ili injini ipate kizuizi. Mzigo upangwe ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito ilalie ndoano ya pikapu. Kwa trela la tani 4, hizo ni kilo 400 hadi 600. Zikipungua, trela huyumba na kuiyumbisha pikapu.

Injini ya zamani haitakuangusha ukipanda mlima. Lakini kabla ya kufunga trela, kagua kwanza breki, na mteremko uushuke kwa gia ileile ambayo ungeupandia.