Maji Chumvi kwa Keja: Pampu Kwanza, Nemo Baadaye

Tenki ya maji chumvi ikiwaka kwa keja, manze, hiyo ni luku ingine. Shida ni wasee wengi humalizanga doo yote kwa samaki na taa za bluu, alafu filta inanunuliwa na chenji. Apo ndio ngori huanza. Samaki akidishi lazima aachilie uchafu, uchafu unageuka amonia, na amonia humaliza samaki chap chap. So ganji ya kwanza iende kwa maji.

Filta namba moja ni mawe. Yale yenye vitobo vitobo hubeba bakteria wa kugeuza amonia iwe nitriti, alafu nitrati, yenye si kali vile. Hao bakteria wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kushika rada. Watupie kipande cha uduvi wapate kitu ya kudishi, na upime maji. Amonia na nitriti zikisoma ziro, sasa leta samaki. Mawe nunua makavu dukani, usiyatoe baharini. Watamu, Malindi na Kisite ni mbuga za bahari, usiguse kitu huko.

Namba mbili ni skima. Inapiga viputo vidogo sana ndani ya maji, uchafu unashikana navyo, unapanda na povu hadi kwa kikombe, unamwaga. Umeutoa kabla uoze. Kama tenki ni lita 200, chukua skima yenye imeandikwa lita 300 ama 400.

Namba tatu ni mawimbi, na hapa ndio wengi hubania. Kama utaweka korali pia, jua haitembei, so dishi na oksijeni lazima iletewe na maji. Kwa korali laini, pampu zisukume ujazo wa tenki mara 10 hadi 20 kwa saa. Lita 200 inataka lita 2,000 hadi 4,000. Korali ngumu za matawi zinataka mara 40 ama zaidi. Nunua pampu mbili ndogo, sio moja kubwa. Zielekeze zikutane, hakuna kona uchafu utalala, na moja ikizima ingine inabaki kazini. Moja itingishe uso wa maji, oksijeni iingie.

Kama uko na tenki ya pili chini ya ile ya samaki, pampu ya kurudisha maji juu usiamini sana namba ya boksi yake. Hiyo hupimwa bila kupandisha maji. Ikipandisha mita moja, nguvu inashuka.

Na stima ikipotea? Kuwa na pampu ya hewa ya betri. Hii si ya mbwembwe.

Samaki wengi wa maji chumvi hutolewa baharini wakiwa hai, hata hapa Pwani. Ukimleta kwa keja, uhai wake uko kwa hizo mashine. Kama ganji haijatosha mawe, skima na pampu, msee, ngoja. Usimnunue bado.